Toprak na MotoGP: Jogoo wa shamba atawika mjini?

UBISHI wa kijiweni hauna refa. Pita barabara ya Bagamoyo, kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga mpaka stendi ya mjini Bagamoyo, utakuta bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao wakisubiri abiria. Ukiona simu moja imezungukwa na vichwa vitano, ujue ni Simba na Yanga, au ni video ya mtu aliyelaza pikipiki kwenye kona mpaka kiwiko kinafagia lami.

Kwa wanaofuatilia pikipiki, jina linalowasha moto msimu wa 2026 ni Toprak Razgatlioglu. Ni Mturuki, bingwa mara tatu wa Superbike ya dunia, na sasa amepanda MotoGP na timu ya Pramac Yamaha. Swali ni moja tu: anatosha, au alikuwa jogoo wa shamba?

Kwa asiyefuatilia, Superbike ni mbio za pikipiki zinazotokana na zile zinazouzwa dukani, zikaongezewa makali. MotoGP ni pikipiki zilizoundwa kwa ajili ya mbio tu, dukani huzipati hata ukiwa na hela. Injini ni cc 1000 na nguvu yake inapita farasi 250. Mwaka 2023 pale Mugello, Italia, Brad Binder wa Afrika Kusini alipimwa akiwa kilomita 366.1 kwa saa. Boxer ya kijiweni, ikiwa haina abiria na upepo ukiisukuma kwa nyuma, inahangaika kufika 100.

Wanaosema hatoshi

Hoja yao si ya wivu. Toprak alizaliwa Oktoba 1996, kwa hiyo anaingia MotoGP akiwa na miaka 29. Kwenye mchezo huu wengi huingia wakiwa na 20 na kitu, wanafundishika.

Halafu kuna breki. Hapo ndipo alipojijengea jina. Anachelewa kubana kuliko wenzake wote, tairi la nyuma linanyanyuka hewani, kisha anaingia kwenye kona kama hakuna kilichotokea. Lakini ufundi huo ulikomaa kwenye breki za chuma na tairi za Pirelli, misimu minane ya Superbike. MotoGP wanatumia breki za kaboni na tairi za Michelin. Mwenye bodaboda aliyewahi kubadili tairi za kichina akafunga za aina nyingine anajua jambo hili: siku mbili tatu za mwanzo, mkono unadanganya.

Tena pikipiki aliyopewa si ya wakubwa. Mara ya mwisho Yamaha kushinda mbio za MotoGP ni Ujerumani, Juni 2022, na Fabio Quartararo. Mwaka huu wameleta injini mpya ya V4 baada ya kung'ang'ania ile ya zamani miaka mingi. Injini mpya ina magonjwa yake.

Na historia? Ben Spies, Mmarekani, alikuwa bingwa wa Superbike 2009, akapanda MotoGP na Yamaha. Alishinda mbio moja tu, Assen 2011.

Wanaosema anatosha

Hawa wana karata moja nzito: BMW.

Kabla ya Toprak, BMW haikuwahi kutoa bingwa wa Superbike. Alihamia huko 2024, watu wakamcheka kwamba amefuata pesa. Akashinda mbio 13 mfululizo na kubeba kombe mwaka uleule. Mwaka 2025 akalibeba tena. Lile la kwanza, la 2021, alilipata akiwa na Yamaha. Mtu anayechukua ubingwa kwa pikipiki za kampuni mbili tofauti, moja ikiwa haijawahi kushinda, huwezi kusema alibebwa na injini.

Ubishi kama huo uliwahi kumalizwa hapahapa Afrika. Valentino Rossi alikuwa anashinda na Honda, wakasema ni Honda, si yeye. Akahama kwenda Yamaha iliyokuwa hoi. Mbio yake ya kwanza nayo ilikuwa Welkom, Afrika Kusini, Aprili 2004. Alishinda, akaegesha pikipiki pembeni, akakaa chini.

Kesi ya Binder mdogo

Lakini anayetaka kujua maana ya mtu kutotosha asiende mbali. Afrika Kusini kuna ndugu wawili, Brad na Darryn Binder, na tofauti yao ni darasa tosha.

Kaka alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Bingwa wa Moto3 mwaka 2016, akaingia Moto2, mwaka 2019 akaukosa ubingwa kwa pointi tatu. Alipofika MotoGP 2020, mbio yake ya tatu tu, pale Brno, alishinda. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa KTM kwenye MotoGP.

Mdogo wake alikaa Moto3 misimu saba na kushinda mbio moja, Catalunya 2020. Kasi alikuwa nayo, na ujasiri wa kupita watu alikuwa nao kupita kiasi. Oktoba 2021 ikatangazwa kwamba anaenda moja kwa moja MotoGP na timu ya RNF ya Yamaha, bila kupita Moto2. Wiki chache baadaye, Algarve nchini Ureno, kwenye mzunguko wa mwisho alimgonga Dennis Foggia, aliyekuwa anapigania ubingwa na Pedro Acosta. Foggia akaanguka, ubingwa ukaenda kwa Acosta. Darryn akafutiwa matokeo. Dunia nzima ikauliza: huyu ndiye mnayempa pikipiki ya cc 1000?

Msimu wake wa 2022 haukuwa aibu. Indonesia, mvua ikinyesha, alimaliza wa 10, na siku hiyo waliomcheka walinyamaza. Ila siku kama hizo hazikuwa nyingi. Mwaka 2023 akarudi chini, Moto2, kwenye darasa aliloruka.

Je, Darryn hakuwa na kipaji? Si kweli. Tatizo ni kwamba alipandishwa kabla hajapimwa. Waliomchukua hawakuwa na karatasi ya kuonyesha, zaidi ya kusema kijana ana roho ngumu. Na roho ngumu, kwenye mbio za pikipiki, kila mtu anayo. Asiyekuwa nayo alishaacha.

Wapo watakaosema Jack Miller naye aliruka. Ni kweli, Mwaustralia huyo alitoka Moto3 akaingia MotoGP mwaka 2015, na mwaka 2016 alishinda Assen kwenye mvua. Lakini Miller aliondoka Moto3 akiwa ameshinda mbio sita ndani ya msimu mmoja na kuukosa ubingwa kwa pointi mbili. Karatasi yake ilikuwa imejaa.

Na hapo ndipo penye utamu wa msimu huu, kwa sababu Miller ndiye mwenzake Toprak kwenye Pramac. Timu moja, pikipiki moja, tairi zilezile. Anayetaka jibu la Toprak asiangalie amemaliza wa ngapi, maana Yamaha inaweza kumwacha wa 15 bila kosa lake. Aangalie muda wake dhidi ya Miller na dhidi ya Quartararo. Akianza nyuma yao kwa sekunde nzima halafu pengo likawa linapungua kila mbio, anatosha. Likibaki palepale mpaka Septemba, wanaomwita jogoo wa shamba watakuwa na haki.

Tena mwaka 2027 kanuni zinabadilika. Injini zinashuka mpaka cc 850, na tairi zinakuwa Pirelli, zilezile alizokulia. Huu wa 2026 ni mwaka wa shule. Kumhukumu kwa msimu huu peke yake ni kumpa mtu mtihani siku ya kuripoti.

Na yule wa Zinga je?

Kijiweni mjadala huu hauishii Uturuki. Lazima mmoja aseme: "Kuna mwana hapa Zinga, huyo Toprak angekula vumbi." Wengine wanacheka, lakini yeye hatanii.

Na si wazo la kipuuzi. Toprak anatoka Alanya, mji wa pwani unaoishi kwa watalii, kama Bagamoyo inavyotamani kuishi. Baba yake, Arif, alijulikana kwa kutembelea tairi moja, mchezo uleule vijana wanaoufanya jioni kwenye vipande vilivyonyooka vya barabara hii. Arif alifariki 2017 kwa ajali ya pikipiki.

Tofauti ya mtoto na baba ni kwamba mtoto alipata mahali pa kupimwa. Kenan Sofuoglu, bingwa wa dunia wa Supersport mara tano, alimchukua akamlea. Mwaka 2015 akawa bingwa wa Ulaya wa Superstock 600. Alipofika Superbike 2018, kila mtu alikuwa na karatasi yake mkononi.

Mwana wa Zinga hana karatasi. Anayo barabara tu, na barabara haipimi ufundi. Ukilipita lori Kiromo ukakuta kwa mbele hakuna kitu, umeonekana fundi. Ukikuta daladala, habari yako inaishia hospitali au msibani. Mkono ni uleule, kona ni ileile, kilichobadilika ni nani alikuwa anakuja. Njia yenyewe ina watoto wa shule wanaovuka, ng'ombe, na kwenye makazi sheria inasema mwisho kilomita 50 kwa saa.

Njia ya lami kwenda MotoGP, kwa kijana wa pwani, kwa sasa imefungwa. Afrika haijaandaa MotoGP tangu mwaka ule wa Rossi, 2004. Njia iliyo karibu ni ya mchanga, na huyo wa kutazamwa si Toprak wala Binder. Ni Ross Branch wa Botswana. Alikuwa rubani wa ndege, akajifunza pikipiki kwenye nyika za kwao. Mwaka 2024 alimaliza wa pili Dakar, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa rali za nyika kwa pikipiki. Mchanga upo Mlingotini, upo njia ya Saadani, na vijana wanaupita kila siku wakiwa na abiria na gunia la mkaa.

Uganda wana uwanja wa motokrosi Busiika, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuandikiwa muda wake pale. Kwa Bagamoyo, kuanza hakuhitaji uwanja wa mabilioni. Kunahitaji eneo la wazi mbali na barabara, pikipiki kumi zinazofanana, kofia ngumu za kweli, gari la wagonjwa likiwa limewashwa, na mtu mmoja mwenye saa anayeandika majina. Jioni ya siku ya kwanza, kijiwe kingejua kama mwana wa Zinga ana kasi kuliko yule wa Kerege. Leo hata hilo halijulikani, na wote wawili wako barabarani wanatafuta hesabu ya bosi.