Kisima Kipimwe Risasi Kabla ya Kunywewa



Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu alikuja ofisini kwetu na chupa ya maji ya kisima chake kipya. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Akaniuliza, "Mwalimu, haya yananyweka?" (Wengi bado huniita mwalimu, ingawa chaki niliiacha zamani.) Nikamwuliza kuna nini karibu na kisima. Akasema kuna kibanda ambamo kijana wake alikuwa akivunja betri kuukuu za gari na kuyeyusha risasi ili aiuze. Hapo nilinyamaza. Fomu tunazo, chombo cha kupimia hatuna. Chupa hupelekwa maabara ya mbali, na watu wa nyumbani huendelea kunywa huku wakingoja.

Risasi ikiyeyuka majini haionekani, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Huharibu akili ya mtoto angali anakua. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kisichozidi mikrogramu 10 katika lita moja. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, waliumizwa na risasi, na kesi yao ilifika mpaka Mahakama ya Juu, iliyowapa haki mwaka 2024. Hiyo ni miaka 10 baada ya kiwanda kufungwa!

Sasa iko njia ya kuitambua sumu hii upesi. Mnajua kwamba ndama humfanana mama yake kwa sababu ya DNA, uzi mwembamba sana wa urithi ulio ndani ya kila kiumbe. Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani, Breaker na Joyce, walipata DNA ya kutengenezwa ambayo hukata uzi mwenziwe inapokutana na risasi. Mwaka 2000 Li na Lu wa Chuo Kikuu cha Illinois wakaufunga uzi wa namna hiyo rangi yenye kung'aa, na karibu yake kitu cha kuuzima mwanga. Pasipo risasi, giza. Risasi ikiingia, uzi hukatika, rangi huachana na kile kinachoizima, na maji hung'aa chini ya taa yake. Risasi ikizidi, mwanga nao huzidi.

Wako watakaosema kwamba mkulima hawezi kazi ya kitaalamu namna hii. Mbona Nakuru waliweza? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northwestern walitangaza mwaka 2023 jinsi watu wa vijijini huko walivyopima floridi katika maji yao kwa kipimo kinachotumia DNA, na kuyasoma majibu wenyewe. Floridi si risasi, lakini mikono na macho ni yale yale.

Wengine husema visima vichimbwe kwanza, vipimo vitafuata. Mimi sikubali. Serikali za kaunti za Meru na Embu zinapotoa fedha za kisima cha skimu, fedha za kupima zitoke siku hiyo hiyo, na Bwana Shamba apewe vipimo vya namna hii. Sisemi maabara iachwe: mwanga ukionekana, maabara ihakikishe.

Mzee nilimshauri achote maji ya bomba la mradi kwa sasa, na betri zirudishwe kwa mwuzaji zikiwa nzima. Chupa yake ilipelekwa Jumanne ile ile. Jibu halijafika.