Ng'ombe Alivushwa na Nani?

Wapo waandishi wetu wa visiwani, na wamekuwapo kwa miaka mingi, wasioweza kuutaja ustaarabu wa Mswahili ila waanze na tanga. Kwao kila chema kilishuka bandarini: mavazi, mashairi, mapishi, hata mbuzi wa akika. Wameinuka wengine kuwapinga, nao wakatumbukia shimo jingine. Hawa hutaka kila kitu chetu kiwe cha kale kupita kiasi, kana kwamba heshima ya Mwafrika hupimwa kwa idadi ya miaka iliyofukiwa udongoni. Makundi haya mawili hugombana usiku na mchana, lakini kosa lao ni moja: yote mawili yalikwisha kata shauri kabla ya jembe kugusa ardhi.

Basi na tuwaache wanyama watoe ushahidi wao.

Mbuzi na kondoo hawana mzazi wa mwituni katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Asili yao ni Asia ya Magharibi, na kaskazini ya bara hili walifika zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Hapa watu wa tanga watapiga makofi: si mnaona, wametoka Asia! Walakini njia waliyoifuata haikuwa bahari yetu. Mifugo iliteremka kwa kwato zake, kizazi baada ya kizazi, pamoja na wachungaji wake, kutoka pande za Sahara na Nile. Kando ya Ziwa Turkana, dalili zake ni za miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Huko Luxmanda, kwenye nyanda za juu za Mbulu, wachungaji walikuwa na makazi yao miaka 3,000 hivi iliyopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta mafuta ya maziwa yaliyonywewa na vigae vya wachungaji wa kale wa Kenya na Tanzania. Maana yake ni kwamba maziwa yalikuwa yakikamuliwa na kutiwa vyunguni huko bara karne nyingi kabla ya mji wowote wa mawe kusimama pwani. Huyo ndiye mtu wa bara ambaye baadhi yetu tungali tukimwita mshenzi.

Sasa tuje kisiwani. Unguja ilikuwa sehemu ya bara mpaka maji ya bahari yalipopanda na kuitenga, yapata miaka 10,000 au zaidi iliyopita. Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, limehifadhi mifupa ya pundamilia na nyati. Wanyama hao walikuja kwa miguu, zama ambazo palikuwa na nchi kavu ya kukanyaga. Ng'ombe hakuipata bahati hiyo. Alipofika upande huu wa Afrika, mkondo wa Zanzibar ulikuwa umekwisha kujaa maji zamani. Kwa hiyo kila ng'ombe na kila mbuzi wa Unguja, mzazi wake wa kwanza alivushwa na chombo. Ni nani basi aliyemfunga miguu, akamlaza chomboni, akashika kasia?

Jibu lililo karibu ni mtu wa pwani mwenyewe. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinataja vyombo vidogo vya kushona na mitumbwi katika kisiwa cha pwani hii. Na vyungu vya Unguja Ukuu na Fukuchani vya karne ya 7 na kuendelea ni ndugu wa damu wa vyungu vya Mrima na vya ndani zaidi. Wenye vyungu mamoja hawakosi kuwa na njia moja. Haitupasi kumngoja mgeni atoke mbali aje kutuvushia mbuzi aliyekuwa akilia ng'ambo ya pili.

Kundi la pili nalo lisicheke mapema. Mwaka 2001 Profesa Felix Chami, ambaye hakuna mpenda historia ya pwani asiyemwia deni, alichapisha makala juu ya mifupa ya kuku kutoka pango la Zanzibar, akaihesabu kuwa ya zama za mawe. Baadaye Kuumbi nako kukadaiwa mifugo ya kale mno. Pango hilo lilichimbwa tena mwaka 2012, na katika tabaka zake za kale mifugo haikuonekana. Mfupa wa kuku hufanana na wa kanga au wa kwale. Wa mbuzi mdogo hufanana na wa paa nunga. Uchunguzi wa mwaka 2017, uliotazama umbo la mifupa, vinasaba vya kale na protini, uliwaweka kuku wa pwani yetu katika karne ya 7 au ya 8 hivi, zama za kushamiri kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Kwa kuku, basi, watu wa tanga wana haki yao. Ila wasisahau kuwa uchunguzi uo huo uliwakuta panya weusi wa Asia wamefika zama zile zile.

Kisiwa chetu kilipokea mifugo kwa njia mbili, ya kwato na ya tanga, na anayeifuta mojawapo anawafuta nusu ya wazee wake. Tena tunabishana kwa uvumi kwa sababu taarifa za mapango yetu aghalabu huandikwa kwa Kiingereza na kuishia katika majarida ya ng'ambo. Anayechimba Jambiani ana wajibu wa kuwasomea watu wa Jambiani alichokikuta, kwa lugha yao, naye mwalimu wa skuli ana haki ya kuwa na kitabu chake.

Husemwa kuwa mwacha asili ni mtumwa. Mwenye kujitungia asili naye hajawa huru. Mashairi na tuyatunge. Mifupa na tuisome.