Bahari Itengwe, Mvuvi Asitengwe



Kila lisikikapo neno kwamba sehemu ya bahari inakusudiwa kufungwa, watu wa pwani hugawanyika. Upande mmoja husimama wataalamu na ramani zao, wakisema kwamba samaki wanakwisha na kwamba bila kufunga hakitabaki kitu cha kuwarithisha watoto. Upande wa pili husimama wavuvi, wakisema kwamba bahari ndiyo shamba lao, na anayelifunga shamba amefunga jiko. Mabango huinuliwa, mikutano huvunjika, na viongozi wetu wa jumuiya ndogo ndogo huulizwa: ninyi mko upande gani?

Rai yangu ni hii. Kufunga sehemu ya bahari si dhuluma kwa asili yake. Mara nyingi ni wajibu. Lakini hugeuka dhuluma pale mzigo wake unapopimwa kwa chombo kikubwa na kutwikwa chombo kidogo. Anayetaka kujua kama mpaka uliochorwa baharini ni wa haki, na auangalie akiwa ameketi ndani ya mtumbwi.

Kwa nini bahari ipumzike

Tuanze na ukweli ambao wavuvi wenyewe wanaujua. Pweza hukua upesi, na umri wake hauzidi sana mwaka mmoja. Jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai yake pangoni bila kula, kisha hufa. Kwa hiyo mwamba ukipumzishwa miezi michache, pweza wadogo huwa wakubwa na wengine hupata kutaga. Mwaka 2004 wavuvi wa Kivezo wa kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Bukini, walifunga mwamba mmoja wa pweza kwa muda wa miezi saba. Walipoufungua, walivuna pweza wakubwa kuliko waliowazoea. Vijiji vingine viliiga, na mtindo huo ukafika hadi Pemba.

Tewa si kama pweza. Yeye huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na jike mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko jike mdogo. Tukimvua mkubwa leo na mdogo kesho, tumekula mtaji pamoja na faida. Kwa samaki wa namna hiyo miezi mitatu haitoshi. Panahitajika mahali pasipoguswa kwa miaka.

Hekima hii si ngeni kwetu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Sheria inamkataza mtu kumtwaa ndege mama pamoja na makinda yake. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, ardhi inapewa mwaka wa saba wa kupumzika. Lakini tusisome nusu ya maneno. Andiko hilo hilo linasema kwamba kinachoota katika mwaka wa mapumziko ni chakula cha maskini. Mapumziko ya ardhi na riziki ya mnyonge vilitolewa katika amri moja. Wanaotuletea la kwanza bila la pili wametuletea nusu ya amri.

Mzigo haulingani

Mpaka uliochorwa juu ya ramani huonekana kuwa sawa kwa wote, lakini baharini hauko hivyo. Kusi inapovuma, tangu Aprili hadi karibu Septemba, bahari ya nje ya mwamba huchafuka. Mwenye boti la mashine akifungiwa maji ya karibu, huwasha mashine akaenda mbali. Mwenye mtumbwi wa kasia hana pa kwenda. Riziki yake imo ndani ya mwamba, katika maji yaliyotulia, mahali ambapo dema lake hufika na mshipi wake hutosha. Vivyo hivyo mama anayetafuta pweza kwa miguu maji yanapokupwa: ukiufunga mwamba ulio mbele ya kijiji chake, umemfungia bahari yote.

Shida hii haikuzaliwa kwetu peke yetu. Katika jimbo la California, Marekani, sheria ya mwaka 1999 iliamuru kupangwa upya kwa maeneo ya hifadhi ya bahari. Kazi ilikamilika mwaka 2012, maeneo 124 yakiwa yametengwa, karibu asilimia 16 ya maji ya jimbo hilo. Miongoni mwa waliopinga njiani walikuwa wavuvi wa kayaki, yaani mitumbwi myepesi ya mtu mmoja isiyo na mashine. Hoja ya anayepiga kasia inaeleweka bila mkalimani: eneo la karibu likifungwa, hawezi kulizunguka kama mwenye mashine. Wenyeji wa asili wa kaskazini mwa jimbo nao waliandamana mwaka 2010 katika mji wa Fort Bragg, wakidai kwamba uvuvi wa mababu zao hauwezi kufutwa kana kwamba haukuwapo. Mpango wa kaskazini ulipokamilika mwaka 2012, kanuni zilitambua uvuvi wa jadi wa makabila hayo katika sehemu kadhaa. Hifadhi ilibaki, ila haki ilipewa nafasi ndani yake.

Nyumbani tunao ushahidi mwingine. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986. Utafiti uliochapishwa miaka kumi baadaye ulionyesha kwamba mvuvi aliyebaki akivua karibu na mpaka wa hifadhi alipata samaki wengi zaidi kwa siku kuliko zamani. Hiyo ni habari njema. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba jumla ya samaki walioletwa pwani ilikuwa imepungua, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya kuvulia ilikuwa imechukuliwa na wavuvi wengi walikuwa wameondoka. Hapo ndipo Mkristo anapaswa kuuliza: walioondoka walikwenda wapi, na nani aliwahesabu? Faida ya aliyebaki haiwezi kufunika hasara ya aliyefukuzwa.

Diani na Kuruwitu

Mwaka 1995 serikali ya Kenya ilitangaza hifadhi ya bahari ya Diani na Chale, katika Kwale. Haikuwa marufuku kamili. Uvuvi wa kienyeji ungeweza kuendelea chini ya masharti. Hata hivyo wavuvi waliikataa. Walihofu kwamba masharti ya leo yangekuwa marufuku ya kesho, wala hawakuona kwamba neno lao lilikuwa limesikilizwa. Kwa miaka mingi hifadhi hiyo ilibaki kwenye karatasi tu. Wavuvi walishinda, lakini ushindi huo haukurudisha samaki. Miamba ya Diani iliendelea kuvuliwa kupita kiasi, na waliokuwa wa kwanza kupungukiwa ni wale wale wenye mitumbwi. Mchuma janga hula na wa kwao.

Sasa tutazame Kuruwitu, katika Kilifi. Huko wazee na wavuvi waliona wenyewe kwamba bahari yao imechoka. Mwaka 2003 waliunda chama chao, na mwaka 2005 wakakubaliana kuacha kuvua katika eneo la hekta 30. Eneo la namna hiyo wanaliita tengefu. Hapakuwa na askari aliyewaondoa, wala sheria iliyowatangulia. Kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, yaani BMU, zilitoka mwaka 2007. Waliolinda mpaka ni wale wale waliouchora. Samaki walirudi, wageni wakaja kutazama matumbawe, na baadhi ya vijana wakapata kazi. Mwaka 2017 jumuiya hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Ndugu zangu, bahari ya Diani na ile ya Kuruwitu ni bahari moja. Hata samaki ni wale wale. Tofauti kubwa ilikuwa katika swali moja: nani aliulizwa kwanza? Mafundisho Jamii ya Kanisa huiita hekima hiyo kanuni ya auni: jambo linaloweza kuamuliwa na kutekelezwa vema na jumuiya ndogo lisinyakuliwe na mamlaka kubwa, mamlaka kubwa kazi yake ni kusaidia. Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931, na Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba wenyeji wa mahali wanastahili nafasi ya pekee katika majadiliano yahusuyo mazingira yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 69, nayo inaitaka serikali kuhimiza wananchi washiriki katika usimamizi wa mazingira. Basi kudai kusikilizwa si ukaidi.

Wakubwa nao, na sisi pia

Haki haichagui ukubwa wa chombo. Kwa miaka mingi wavuvi wa Ghuba ya Ungwana, kati ya Malindi na mto Tana, walilalamika kwamba meli zinazokokota nyavu za kamba zinakaribia mno pwani, zinawakatia nyavu zao, na kutupa majini samaki zisiowahitaji. Meli hizo zilisimamishwa mwaka 2006. Mvuvi akiona mtumbwi unakamatwa asubuhi na meli inapita usiku, hawezi kuamini kwamba hifadhi ni kwa manufaa ya wote. Anayetaka utii wa mdogo hana budi kwanza kumshika mkubwa.

Lakini tusijifiche nyuma ya wakubwa. Tangu mwaka 2001 juya na bunduki ya kuvulia ni marufuku Kenya, na kila mmoja wetu anajua ufuo ambako bado vimeonekana. Juya hukokota kila kitu, pamoja na vifaranga ambao wangekuwa samaki wa mwakani. Anayebeba bango la haki mchana na kuvuta juya alfajiri anaidhulumu jumuiya yake mwenyewe. Wingi wa watu katika maandamano hauufanyi uongo kuwa kweli. Mvunja nchi ni mwananchi.

Tufanye nini?

Basi, likija pendekezo la kufunga bahari, nawasihi viongozi walei na kamati za Haki na Amani wasikimbilie kuandika barua ya kupinga wala ya kuunga mkono. Waitishe kwanza baraza pamoja na BMU, maimamu na wazee wa kaya, kwa maana bahari haiulizi dini ya mvuvi. Wahakikishe kina mama wa pweza na wachuuzi wa samaki wamo, maana mara nyingi husahauliwa. Kisha waulize maswali haya matano:

Kwanza, eneo hili linafungwa kwa ajili ya samaki gani, na kwa muda gani unaolingana na maisha ya samaki huyo?

Pili, mwenye mtumbwi wa kasia atavua wapi wakati wa kusi?

Tatu, hasara ya miaka ya mwanzo itabebwa na nani, na atasaidiwa kwa nini?

Nne, ada za wageni zitaingia mfuko upi, na nani atasoma hesabu zake mbele ya watu?

Tano, ni lini tutakutana tena kupima kama samaki wamerudi, na ikiwa hawakurudi, nani mwenye mamlaka ya kubadili mpaka?

Yakijibiwa yote kwa uaminifu, tuunge mkono kufungwa huko hata kama kunatuuma, na tusaidiane kulinda mpaka usiku na mchana. Yasipojibiwa, tusisaini, na tuseme sababu zetu kwa adabu na kwa maandishi. Neno tengefu limetoka katika kutenga. Tunaweza kulitenga eneo la bahari likawa baraka, au tunaweza kuwatenga watu tukaita uhifadhi. Kamati zetu zipo ili hilo la pili lisitokee.