Barabara ya Naviundu ianze na mtu wa miguu

Hiace iliyoundwa kwa soko la Japani ina mlango wa abiria ubavuni kushoto. Japani magari hupita kushoto, kwa hiyo abiria akishuka hukanyaga ukingo. Kongo magari hupita kulia. Gari lilelile likishashushwa Dar es Salaam, likavushwa mpakani Kasumbalesa na kugeuzwa taksi-basi ya Lubumbashi, mlango wake hufungukia katikati ya lami. Mama mwenye mtoto mgongoni na beseni la unga mikononi anashukia palepale yanapopita malori na pikipiki. Hajakosea chochote. Amelipa nauli, amemtii kondakta, na bado ameteremshwa mahali pa kufia.

Watu wa Naviundu wanaijua hali hiyo. Mtaa wao ni mmoja wa mitaa ya Komini Anexe, komini inayouzingira mji wa Lubumbashi, na huko ndiko mji unakotanukia: viwanja vipya, nyumba za matofali ya kuchoma, shule za binafsi zilizofunguliwa ndani ya parsele za watu, meza za nyanya na makala. Asubuhi njia hujaa wanafunzi wenye mashati meupe na sketi au suruali za buluu. Kati yao wanapenya waendesha baiskeli walioondoka vijijini kabla ya jogoo kuwika, kila mmoja na magunia ya makala yaliyopangwa hadi kumpita kimo, wakisukuma zaidi kuliko kupanda. Wanapita pia manseba, kama Lubumbashi inavyowaita madereva wa pikipiki za abiria, wakiwa na watu wawili au watatu nyuma. Wote hao wanagombania ukingo wa vumbi ulio kati ya magari na mtaro. Na ukingo wenyewe nao una wauzaji wake.

Ajali ikitokea, mazungumzo ya mjini hurudi kwa dereva. Alikuwa amelewa. Leseni ameinunua. Breki zilikuwa zimechoka tangu mwaka juzi. Mara nyingi ni kweli, na anayeua kwa ulevi anastahili kufikishwa mahakamani. Lakini lawama hiyo ikiachwa peke yake inamnusuru aliyejenga barabara isiyo na mahali pa kuweka mguu, na mtawala aliyeona soko likiota kwenye kona akanyamaza. Dereva mwangalifu naye husinzia. Mtoto naye hukimbilia mpira. Barabara iliyopangwa kwa akili hufanya kosa kama hilo liishie kwenye mchubuko, na iliyopangwa ovyo huligeuza kuwa msiba. Kwa hiyo Lubumbashi isitarajie vifo vipungue kwa mahubiri na faini tu. Fedha ya barabara haina budi ianze kumjengea mtu wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki, ndipo ifike kwa mwenye gari.

Ukubwa wa jambo hili unajulikana. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilihesabu watu milioni 1.19 wanaouawa barabarani kila mwaka, na kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya ajali hizo. Kati ya mwaka 2010 na 2021 vifo hivyo vilipungua duniani kwa asilimia 5. Afrika viliongezeka kwa asilimia 17. Umoja wa Mataifa uliweka lengo la kuvipunguza kwa nusu ifikapo mwaka 2030, na muda huo unayoyoma.

Wako waliopitia njia hii kabla ya Wakongomani. Kusini-Mashariki mwa Asia pikipiki iliingia kwa wingi kabla ya gari, na katika familia nyingi ndiyo chombo pekee: baba mbele, mtoto katikati, mama nyuma. Thailand mpaka leo watu wa pikipiki ndio robo tatu hivi ya wanaokufa barabarani. Vietnam ilikuwa na kanuni za kofia ngumu kwa miaka, watu wakazisikia na kuzisahau. Kisha serikali ikaweka tarehe. Amri ilianza kwenye barabara kuu za taifa mnamo Septemba 2007, na ilipofika tarehe 15 Desemba mwaka huo ikawa ya kila njia, ya mjini na ya shambani, kwa dereva na kwa abiria. Kabla ya hapo waliovaa kofia hawakufika nusu. Ndani ya wiki chache wakapita asilimia 90 katika maeneo yaliyochunguzwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka uliofuata amri hiyo iliokoa maisha ya watu zaidi ya 1,500.

Jambo la kuiga hapo ni namna ya kutekeleza. Tarehe ya Desemba ilikuwa moja kwa wote, haikuachia mtaa wala cheo, na ilitangazwa mapema kiasi kwamba kila mtu alipata muda wa kununua. Zaidi ya hapo kulikuwa na kofia zenyewe. Watu walilalamikia joto, na Hanoi tayari kulikuwa na kiwanda kinachotengeneza kofia nyepesi zenye matundu ya hewa kwa nchi za joto. Lubumbashi ina malalamiko yake, na ni ya haki: abiria wa manseba hataki kuvaa kofia iliyotoka vichwani mwa watu kumi wa asubuhi hiyo, na mwanamke aliyesuka nywele kwa siku nzima hataki zivurugwe kwa safari ya dakika tano. Kitambaa cha kuvaa ndani ya kofia, kinachofuliwa au kutupwa, ni cha bei ndogo. Ushuru wa kofia zenye ubora ukiondolewa forodhani, bei itamfikia hata manseba anayerudisha deni la pikipiki kwa tajiri wake. Kofia nzuri hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna dawa katika hospitali ya Sendwe inayoweza kutoa matokeo hayo kwa fuvu lililokwisha kupasuka.

Maofisa wa Lubumbashi wamekuwa na jibu lao kwa pikipiki, nalo ni kuzikataza kuingia katikati ya mji. Sababu zinaeleweka, kwani msongamano ni mkubwa na visa vya wizi vipo. Ila marufuku ya aina hiyo haipunguzi safari hata moja ya Anexe. Inauondoa msukosuko mbele ya ofisi za serikali na kuuacha Naviundu, Luwowoshi na Kasungami, ambako taa za barabarani ni chache na polisi wa rulaje hawaonekani jioni. Manseba ndiye anayempeleka mjamzito zahanati saa nane za usiku. Nchi inayomtegemea kiasi hicho ina wajibu wa kumpa mafunzo, namba ya kutambulika na njia ya kupita.

Njia ya kupita si ndoto. Malaysia ilijenga njia ya pikipiki peke yake, kando ya barabara kuu inayounganisha Kuala Lumpur na miji jirani, kuanzia miaka ya 1970. Watafiti wa huko walipoipima baadaye waliona ajali za pikipiki zimepungua kwa asilimia 39 hivi. Mtu atasema Malaysia ina fedha. Basi atazame karibu zaidi, Dar es Salaam. Huko shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa mara nyingi, likapima mahali mtoto anapovukia, kisha likafanya mambo ambayo fundi yeyote wa Lubumbashi anayaweza: matuta, vivuko vilivyopakwa rangi, njia ya miguu iliyotenganishwa na magari kwa nguzo fupi, na geti la shule kuhamishiwa upande wa njia tulivu. Utafiti uliofuata ulionyesha majeruhi wamepungua kwa robo hivi. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI, na mpango wenyewe umevuka hadi nchi nyingine, Zambia ikiwemo. Lusaka si mbali na Lubumbashi. Mhandisi wa mji anaweza kwenda kuona na kurudi ndani ya wiki.

Matuta yana wapinzani, hasa wenye magari, wanaosema yanavunja springi. Ni kweli tuta lililomwagwa ovyo na wakazi wenye hasira baada ya mtoto kufa huvunja magari, tena halina rangi wala alama. Hilo ni kosa la serikali kuchelewa mpaka wananchi wakajijengea wenyewe. Hesabu ya mwendo haibishaniwi: mtembea kwa miguu akigongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa ni mara nne na nusu kuliko akigongwa na lenye kilomita 50. Springi hununuliwa.

Kisha kuna malori. Mwaka 2024 Kongo ilizalisha shaba zaidi ya tani milioni 3, karibu yote kutoka Haut-Katanga na Lualaba, na sehemu kubwa yake husafiri kwa barabara. Zigawanywe kwa malori ya tani 30: ni malori laki moja kwa mwaka kwa shaba peke yake, kabla ya salfa, mafuta na asidi zinazoingia. Madereva wengi wanatoka Zambia, Tanzania na Afrika Kusini, ambako hupita kushoto. Wakivuka Kasumbalesa huhamia kulia huku usukani umebaki uleule wa kulia, kwa hiyo dereva anakaa upande wa mtaro na haoni vizuri kinachokuja mbele anapotaka kupita gari jingine. Tarehe 20 Februari 2019, Tshamundenda, kwenye barabara ya Kolwezi kwenda Lubumbashi, lori la asidi ya salfa liligongana na magari mengine, moja likiwa basi dogo la abiria. Watu wasiopungua 18 walikufa.

Kenya ilipata somo la aina nyingine Juni 30, 2023, pale Londiani. Lori lilitoka njiani likaingia katikati ya wauzaji na abiria waliokuwa kando ya barabara kuu. Waliouawa walizidi 50. Hawakuwa ndani ya gari lolote, walikuwa kwenye riziki yao. Meza kama zile zimejaa kwenye njia zote zinazotoka Lubumbashi, na wakati wa kuzihamisha ni kabla. Hivi sasa Kongo na Zambia zina mradi wa barabara ya kupitia Kasomeno na daraja jipya la Luapula, utakaofupisha safari ya kwenda Dar es Salaam. Ukikamilika, malori mengi zaidi yatatumia upande wa kaskazini-mashariki wa Lubumbashi. Mkataba wowote wa barabara hiyo unaotaja tani na peaje bila kutaja njia za miguu na vituo vya basi vilivyoingizwa ndani ya ukingo utakuwa umeandikwa bila wakazi.

Kuhusu sheria, Kenya pia inafaa kuangaliwa. Februari 2004, chini ya waziri John Michuki, matatu zilitakiwa kuwa na mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mstari wa njano ubavuni. Zisizotimiza ziliegeshwa, abiria wakatembea kwa miguu siku kadhaa, na ajali zikapungua. Baadaye ukaguzi ulilegea, vidhibiti vikachezewa, mikanda ikakatika bila kurudishwa. Sheria haikubadilika. Aliyekuwa akiisimamia ndiye aliyechoka. Kongo nayo ina kanuni zake za barabarani tangu Agosti 1978, na ina mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, tangu mwaka 2008, unaolishwa na mafuta na peaje. Vyombo vipo. Raia wa Naviundu anayenunua lita moja ya petroli ya pikipiki ameshachangia mfuko huo, na ana haki ya kuuliza ni mita ngapi za njia ya miguu zimerudi kwake.

Yanayohitajika hayazidi uwezo wa mkoa. Gavana atangaze tarehe moja ya kofia kwa manseba na abiria, miezi mitatu mbele, na ukaguzi uanze na pikipiki za serikali. Taksi-basi yenye mlango wa kushoto isipewe kibali kipya mpaka mlango uhamishwe, na kwa zilizopo vijengwe vituo ambamo basi zima linaingia nje ya njia. Burugumesta wa Anexe akae na walimu wakuu wa Naviundu na ramani, kila mwalimu aweke alama mahali watoto wake wanapovukia, na matuta yaanzie kwenye alama hizo. Kiangazi cha Katanga ni kuanzia Mei hadi Septemba. Julai na Agosti shule zimefungwa, udongo ni mkavu, na greda linafika hata kwenye njia ambazo Januari hazipitiki.