Ngozi ya tilapia inaweza kufunika kidonda cha moto. Tunangoja nini?

Hapa Kiwanja ajali za moto hazikosi: mbabula ndani ya nyumba ndogo, sufuria ya maji ya fufu chini karibu na watoto, bidoni za esansi za akina Kadhafi kando ya barabara. Ongeza mabomu ya vita. Anayeungua vibaya au kuchanwa na bomu hupoteza ngozi, na ngozi ndiyo ukuta wa mwili. Ukuta ukianguka, maji ya mwili yanatoka na vijidudu vinaingia.

Waganga wana njia yao: hukata ngozi nyembamba pajani mwa mgonjwa na kuipanda kwenye kidonda. Lakini aliyeungua nusu ya mwili, ngozi hiyo itatoka wapi? Hapo nchi tajiri hutumia ngozi mbadala, iwe ya maiti iliyohifadhiwa au ya kiwandani, kufunika kidonda mpaka mgonjwa apate nguvu. Bei yake hatuiwezi.

Brazil ilitafuta njia nyingine. Katika mji wa Fortaleza, waganga na watafiti waligeukia ngozi ya tilapia, ambayo kwa kawaida hutupwa. Ina kolajeni nyingi, hushika kwenye kidonda na kutunza unyevu. Kwa majeraha ya daraja la pili, inaweza kukaa siku nyingi bila kubadilishwa. Aliyesikia kilio cha mtoto anayebanduliwa bandeji kila mara anajua maana yake.

Tilapia huyo ni wa aina ile ile inayovuliwa Ziwa Edward, kule Vitshumbi. Samaki tunaye, tunachokosa ni maabara. Ngozi ile husafishwa kwa dawa, hulowekwa katika gliserini na kupigwa mionzi. Kwa hiyo mtu asitoe ngozi ya samaki sokoni na kuibandika kwenye kidonda. Ataongeza ugonjwa juu ya moto.

Wengine watasema wakati wa vita si wakati wa maabara. Mimi naona vita ndiyo sababu. Kwa miaka mingi hospitali kuu ya Rutshuru imeegemea msaada wa Médecins Sans Frontières, na msaada una mwisho. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililipuka Sange, Kivu Kusini, likaua watu zaidi ya 200. Msiba kama huo ukirudi, hakuna atakayetuletea ngozi kwa usiku mmoja.

Vyuo vikuu vya Goma na Bukavu vina vitivo vya tiba. Vianze utafiti huu pamoja na wavuvi, na wakuu wa afya wafundishe waganga zaidi kupanda ngozi. Nasi nyumbani tuache kupaka dawa ya meno na unga: aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20, kisha apelekwe hospitali.

Tusiendelee kutupa ngozi ya samaki huku watoto wetu wakikosa ya kuwafunika.