Tumbo la binti likivimba, tusikimbilie kusema ni mimba

Baada ya kipindi chetu cha afya mama mmoja alinipigia simu. Alikimbia vita kijijini kwao, sasa anaishi kwa jamaa huku Oicha, katika eneo la Beni. Binti yake wa miaka 17 alikuwa na tumbo lililovimba chini ya kitovu, na siku zake zilichelewa. Nyumba nzima ikasema: ana mimba. Baba akakataa hata kumsemesha. Mtoto akanyamaza na maumivu yake, mpaka siku yalipomwangusha chini, anatapika. Ndipo walimbeba kwa pikipiki hadi hospitali. Ekografi ilionyesha kisti kubwa, na ovari ilikuwa imejisokota. Waganga waliitoa.

Kisti ni mfuko wenye maji unaoota kwenye ovari, pale mayai ya mwanamke yanapokomaa. Nyingi hazina ubaya. Zinaota, hazisumbui, na zinaisha zenyewe kwa miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo mama akiambiwa ana kisti asianze kulia kama amehukumiwa kufa, wala asiuze mbuzi kununua dawa za miti. Anayetangaza sokoni kwamba ataiyeyusha kwa chupa moja, mara nyingi anasifiwa kwa kisti ambayo ingeisha yenyewe.

Lakini kuna dalili za kupeleka kwenye kituo cha afya: maumivu chini ya tumbo, hasa upande mmoja, tumbo kujaa na kuwa zito, kukojoa mara kwa mara, maumivu wakati wa tendo la ndoa, siku kubadilika. Mama aliyekwisha kukoma hedhi akiona hayo asikawie, kwa umri wake lazima wachunguze vizuri zaidi.

Maumivu makali ya ghafla, pamoja na kutapika, homa, kizunguzungu au kuzimia, hayangojei asubuhi. Ovari ikijisokota, damu haifiki tena, inakufa. Mimba iliyoshika nje ya kizazi nayo inaanza hivyohivyo, na inaua. Ndiyo maana nasema hata kama binti yule angekuwa na mimba kweli, alipaswa kupelekwa mapema. Hasira ya baba si kipimo cha hospitali.

Najua ekografi inalipwa, na familia iliyokimbia haina hata franga za unga. Kwa maoni yangu, wanaotoa huduma ya bure kwa wakimbizi waihesabu pamoja na dawa za malaria. Tembe za maumivu peke yake zinaficha tu ugonjwa.

Mama aliniuliza jambo moja: je, atazaa? Ndiyo, ovari moja nzima inaweza kutosha. Aliomba nisitaje jina lao, ila niseme hewani kwamba haikuwa mimba.