Lami Imefika Mlangoni



Akina mama wapendwa, wengi wetu hapa Katindiuka, Ifakara, tunaikumbuka barabara ya Kidatu ilivyokuwa. Masika ilikuwa tope, kiangazi vumbi. Mama mwenye uchungu aliweza kukesha njiani, gari limekwama na ndugu wanalisukuma. Upande wa Mahenge tulitegemea kivuko. Leo Mto Kilombero una daraja la mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018, na Agosti 2024 ikazinduliwa lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilometa 66.9. Tunamshukuru Mungu, kwani mjamzito sasa anawahi hospitali akiwa bado na nguvu.

Lakini lami hiyo haikuishia mashambani. Inaingia mjini, inapita karibu na maduka, shule na milango ya watu. Dereva aliyetoka mbali huingia na mwendo wa safari. Sheria inamtaka asizidi kilometa 50 kwa saa penye makazi, na hata kwa mwendo huo, tangu amwone mtoto hadi gari lisimame, huenda karibu mita 30. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Tusiwalaumu madereva peke yao. Jioni moja chumvi ilituishia, mboga iko jikoni. Tukamtuma mwanetu wa miaka saba dukani, ng'ambo ya barabara. Kwenda alivuka salama. Wakati wa kurudi alituona mlangoni, tukamwita afanye haraka, naye akatoka mbio. Pikipiki ikamvunja paja.

Majirani walitaka kumbeba mzobemzobe. Tukawazuia, tukaufunga mguu kwenye ubao kwa kanga, ndipo akapelekwa hospitali. Alilazwa wiki sita. Sisi tunaowafundisha wenzetu kliniki ndio tuliomwita. Leo anatembea vizuri, lakini tukisikia breki mioyo hushtuka.

Kwa hiyo, wapendwa, tushike haya:

1. Mtoto mdogo asivuke peke yake. Kabla ya miaka tisa au kumi analiona gari, lakini hawezi kukadiria mwendo wake.

2. Mtoto akiwa ng'ambo, usimwite. Mfuate, umshike mkono.

3. Jioni avae nguo nyeupe au ya rangi nyepesi.

4. Akigongwa, kandamiza penye damu kwa kitambaa safi. Asipewe chakula wala maji. Akilalamika shingo au mgongo, asikunjwe wala kuketishwa. Alazwe amenyooka, watu kadhaa wambebe pamoja juu ya ubao.

Haya tuyafundishe pia katika vikundi vya akina mama kanisani, na tuwaombe viongozi wa mtaa watufuatilie matuta na vivuko vya waenda kwa miguu karibu na shule. Msamaria Mwema alimhudumia aliyekwisha kujeruhiwa njiani. Sisi tumepewa nafasi ya kumzuia mtoto asijeruhiwe.

Jioni ya leo chumvi ikiisha, dada mpendwa, nenda mwenyewe, au mboga ingoje. Bwana azilinde nyumba zetu.